Breki ya Nyuma: Haishiki

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Februari, breki ya nyuma ya pikipiki ya Mwanaidi Chambuso haikushika. Jambo hilo lilishuhudiwa na watu wawili: Mwanaidi mwenyewe, na Fidelisi Mwakatobe, Mkaguzi Daraja la Pili wa Mamlaka ya Bima na Hali za Vyombo katika nchi ya Uthabiti. Mkaguzi aliikanyaga pedali mara tatu kwa kiatu chake cha ngozi, ikashuka mpaka chini bila kukutana na kitu, naye akaandika.

Aliandika na mengine. Breki ya mbele: inashika. Kioo cha kulia: hakipo. Madigadi ya nyuma: ina matope mekundu, kiasi cha viganja viwili. Alikuwa anaandika huku anakula andazi, na mafuta yakatia doa kwenye kona ya fomu. Aliliangalia doa hilo kwa muda, akalizungushia duara kwa kalamu, akaandika pembeni yake: doa, lipo.

Mwanaidi alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane na kazi moja. Kila siku alipanda hadi uwanda wa juu wa Lugongo, akapita kwenye zahanati tatu, akakusanya chupa za makohozi ya watu wanaodhaniwa kuwa na kifua kikuu, akazipanga kwenye sanduku la baridi nyuma ya pikipiki, akateremka nazo kilomita ishirini na sita hadi maabara ya wilaya. Chupa isiyofika kabla ya giza hutupwa, na mwenye chupa huendelea kukohoa chumba kimoja na watoto wake hadi atoe makohozi mengine. Hospitali ilikuwa na sharti moja: sanduku halipandi pikipiki isiyo na stika ya bima.

Kwa hiyo alimweleza Mkaguzi, kwa utulivu, kwamba viatu vipya vya breki vilikuwa kwenye mkoba wake, na kwamba fundi alikuwa anamngoja saa sita. Kama Mkaguzi angerudi mchana, angekuta breki inashika.

"Mama," alisema Mkaguzi, akifuta vidole kwenye kiti cha pikipiki, "mimi siandiki mchana wa leo. Naandika saa mbili na dakika kumi."

Akagonga muhuri, akabandika stika. Ilikuwa na nembo ya taifa: jiwe lililokaa juu ya jiwe.

*

Mchana ule ule fundi Kaselula alifungua gurudumu la nyuma na kutoa viatu vya zamani, vilivyolika hadi kwenye chuma. Akafunga vipya, akamwambia Mwanaidi akajaribu kwenye mteremko wa sokoni. Pikipiki ilisimama pale alipotaka isimame. Kisha Kaselula, kwa vile alikuwa na maji yaliyobaki kwenye ndoo, akaiosha bila kuombwa. Hayo ndiyo makosa mawili yaliyotendeka siku hiyo.

Alhamisi, kwenye kizuizi cha barabarani chini ya mteremko wa Lugongo, Mkaguzi Mwakatobe alikanyaga pedali na gurudumu likagoma. Akakanyaga tena, kwa sura ya mtu aliyetafuna kijiwe kwenye wali. Akainama, akapitisha kidole kwenye madigadi. Kidole kikatoka safi.

"Hii si pikipiki yako," alisema.

"Ni yangu. Soma namba ya chesisi."

"Namba ni ile ile. Ndiyo maana kosa ni kubwa. Iko wapi yenye namba hii?"

Akamfafanulia, bila hasira, kama anayemsomea mtoto saa. Pikipiki iliyokatiwa bima ina breki isiyoshika na matope viganja viwili. Hii ina breki inayoshika na haina matope. Basi ile ya kwanza imepotea na mwenyewe hajatoa taarifa, na hii ya pili inatembea barabarani bila bima, tena kwa kujificha nyuma ya namba ya mwenzake. Pikipiki ikazuiliwa. Sanduku lenye chupa ishirini na tisa likashushwa na kuwekwa juani.

Mwanaidi aliomba chupa tu zipelekwe, hata kwa gari la Mamlaka, ambalo lilikuwa limeegeshwa pale kivulini na dereva wake amelala. Mkaguzi aliuliza ndani ya chupa mna nini. Alipoambiwa, alisogeza kiti chake hatua sita, akaziba pua kwa daftari la serikali, akaagiza sanduku liondolewe karibu na chakula chake. Hadi saa kumi jioni chupa zote ishirini na tisa zilikuwa zimeharibika.

*

Mkurugenzi wa Mamlaka, Bibi Eufrasia Lugendo, alimpokea siku ya nne. Ofisini mlikuwa na zulia, na juu ya zulia mlikuwa na ndoo, kwa sababu paa lilikuwa linavuja. Paa liliandikwa linavuja mwaka ambao jengo lilikatiwa bima. Mkurugenzi aliinyooshea ndoo ile kidole chenye pete na kusema kuwa yeye anaongoza kwa mfano.

Alizungumza kwa dakika arobaini. Alisema ziko nchi, hakutaka kuzitaja, ambako mtu akiona kitu kimeharibika anakitengeneza tu, kiholela, bila kujali kimeandikwaje, na matokeo yake ni kwamba katika nchi hizo hakuna karatasi inayoaminika. Uthabiti ilikataa njia hiyo. Huku kutunza chombo maana yake ni kukiacha kama kilivyoandikwa. Alikiri kwamba kuna wananchi wanaopata usumbufu. Hata yeye, mvua ikinyesha, hukaa na mwavuli.

Mwanaidi, ambaye hakupenda kupoteza maneno, aliuliza kama maelezo ya cheti yanaweza kubadilishwa.

Yanaweza, alijibiwa, na ipo fomu yake. Inajazwa baada ya pikipiki iliyokatiwa bima kukaguliwa upya. Lakini ili ikaguliwe lazima kwanza ionekane ni yenyewe, yaani ifanane na cheti. Na ikishaonekana inafanana na cheti, Mkaguzi anaandika kwamba hakuna mabadiliko.

"Kwa hiyo fomu haijawahi kujazwa," alisema Mwanaidi.

"Haijawahi," alisema Mkurugenzi kwa fahari. "Tunazo elfu kumi, safi kabisa."

Tone likaanguka kwenye ndoo. Mwanaidi aliuliza afanye nini ili arudishiwe stika, maana chupa mpya zilikuwa zinangoja kule juu, na watu wa uwanda walikuwa bado wanakohoa. Mkurugenzi akamwandikia barua ya kwenda Kituo cha Kurudisha Hali.

*

Kituo kilikuwa jengo safi kuliko hospitali ya wilaya. Fundi wake alikuwa amesomeshwa miaka miwili kwa gharama ya taifa, na alivaa ovaroli nyeupe na glovu. Alifungua gurudumu kwa adabu, akavitazama viatu vipya vya breki, akasema ni vizuri sana, akavipaka grisi pande zote mbili hadi vikang'aa. Akafunga, akakanyaga pedali. Bado ilishika kidogo. Cheti hakikuandika inashika kidogo. Akafungua, akaongeza grisi.

Kuhusu matope, Kituo kilikuwa na mitungi kumi na miwili iliyopangwa kwa rangi. Fundi alichota mekundu, akayapima kwa viganja vyake, akagundua kwamba viganja vya Mkaguzi ni vikubwa zaidi, akaongeza. Kisha Mwanaidi akatia saini kwamba amerudishiwa chombo chake kikiwa katika hali yake, na kwamba anashukuru.

Alipopita na pikipiki hiyo kwenye karakana ya Kaselula, fundi huyo alikanyaga pedali, akatema mate pembeni.

"Dada Mwana," alisema, "watu hufa kwa bahati mbaya. Wewe umeenda kuomba, na foleni umepanga."

"Bila stika sanduku halishuki."

"Na bila breki wewe utashuka vizuri tu."

Hata hivyo alimwonyesha namna ya kuteremka kwa gia ya kwanza, akigusa breki ya mbele kidogo kidogo, na kumwonya kwamba kwenye changarawe iliyolowa breki ya mbele peke yake huitupa pikipiki ubavuni. Mwanaidi alikwenda hivyo wiki saba. Alichelewa, lakini chupa zilifika.

Mwezi Machi, Siku ya Uthabiti, Waziri wa Hali alihutubia taifa kwa redio. Alitangaza kwamba tangu sheria ianze hakuna breki hata moja iliyoharibika nchini, kwani zilizokuwa mbovu zimebaki mbovu na idadi yake haijaongezeka. Alisema mataifa makubwa yanatuonea wivu. Akatangaza pia Kanuni ya Maelezo Kamili: kwa kuwa pikipiki haitembei yenyewe, kuanzia sasa cheti kitamwandika na mpandaji.

*

Tarehe tisa Aprili, saa tano kasoro dakika saba, baada ya mvua, ndama aliingia barabarani kwenye mteremko wa Lugongo. Mwanaidi alikanyaga pedali ya nyuma, kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja, na pedali ikashuka hadi chini. Akakamata breki ya mbele. Pikipiki ikalala ubavu na kuteleza mita kumi na nne, mguu wa kulia ukiwa chini yake. Ndama hakuguswa.

Watu walikuja. Mfuniko wa sanduku ulikuwa umefunguka na chupa zimetapakaa kwenye nyasi, na hakuna aliyetaka kuzishika. Mwanaidi, akiwa amelala pale na mfupa wa mguu wake ukiwa umekatika chini ya goti, aliwaambia wasimwinue kwanza, waziokote chupa. Mwanamume mmoja mwembamba, aliyekuwa akikohoa, ndiye aliyeinama na kuziokota moja moja. Alieleza kwamba ya kwake imo humo.

Mkaguzi Mwakatobe alifika wodini tarehe ishirini na tisa Aprili. Mwanaidi alikuwa na plasta kutoka chini ya goti hadi kwenye vidole. Alidhani amekuja kuhusu malipo ya ajali, na kwa sehemu alikuwa amekuja kwa hilo. Alifungua cheti, doa la andazi likiwa kwenye kona yake.

"Nakupongeza, mama," alisema. "Breki ya nyuma haikushika, kama ilivyoandikwa."

"Nimevunjika mguu."

"Pole. Lakini ajali, kisheria, ni jambo lililotokea kinyume cha maelezo. Hapa hakuna kilichokwenda kinyume. Kwa hiyo hakuna kilichotokea."

Akalifunga jalada la ajali. Kisha akafungua karatasi mpya, kwa sababu cheti kilikuwa kinaisha kesho yake. Pikipiki ilibaki kama ilivyokuwa, pamoja na mikwaruzo minne. Akaja kwenye nafasi ya mpandaji. Alimgonga Mwanaidi kwenye plasta mara tatu kwa kalamu, akasikiliza, akaandika: mwanamke, mmoja. Mguu wa kulia: umevunjika, una plasta.

Mwanaidi alielewa mara moja. Alimwomba asubiri wiki tano, mguu uwe umepona.

"Mama, unanifahamu," alisema Mkaguzi.

Sanduku lilikuwa halijateremka kutoka uwandani kwa siku ishirini. Muuguzi wa zahanati ya tatu alikuwa amemletea salamu kwamba mtu wa kwanza kati ya wale wasiopimwa amezikwa Ijumaa. Mwanaidi aliupima mguu wake dhidi ya sanduku, akahitimisha kwamba mguu si chombo, na kwamba hata katika nchi ya Uthabiti mfupa huunga bila kuomba kibali. Akatia saini. Hilo lilikuwa kosa la tatu, na hili lilikuwa lake mwenyewe.

*

Mwezi wa Mei alipanda pikipiki akiwa na plasta. Pedali ya breki ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Breki ya nyuma haikushika. Katika ripoti ya mwezi, Mkurugenzi Lugendo aliitaja hali hiyo kuwa mfano wa upatano kati ya chombo na mtumiaji.

Wiki ya tano ilipotimia Mwanaidi alikwenda hospitali. Daktari aliupiga mguu picha, akaona mfupa umeunga vizuri, akaomba radhi. Mashine ya kukatia plasta ilikuwa imezungushiwa utepe wa Mamlaka. Kumwondolea mtu plasta iliyoandikwa kwenye cheti ni kuharibu maelezo, alisema, na mwenzake wa wilaya jirani alikuwa tayari amesimamishwa kazi kwa kumng'oa mtu jino.

Alikaa nayo wiki nne zaidi. Plasta ilinuka kama kitambaa cha kudekia kilichosahauliwa kwenye ndoo. Alijikuna ndani kwa spoki ya baiskeli, na spoki ilitoka na ngozi. Nzi walimfuata hadi zahanati, na wagonjwa, watu wanaotema makohozi yenye damu mbele za watu, walikuwa wanamhurumia yeye.

Kaselula aliikata kwa msumeno wa chuma, katikati ya karakana, saa nne asubuhi. Mguu uliotoka ulikuwa mwembamba kama mpini, umejaa magamba. Aliuosha kwa sabuni ya unga. Mwanaidi alisimama, akatembea hatua kumi na moja hadi kwenye rafu ya matairi, akarudi. Kaselula alijifanya anatafuta spana.

Mkaguzi alimkuta kesho yake kwenye kizuizi. Aliinama na kalamu yake tayari kugonga, ikagusa nyama. Akanyanyuka polepole.

"Huyu si mpandaji," alisema.

*

Kwenye Kituo cha Kurudisha Hali alipangiwa Jumatatu saa tatu. Alidhani watamfunga plasta nyingine, na alikuwa amejiandaa kwa hilo, alishavumilia moja. Pikipiki ilikuwa tayari ndani, imezuiliwa, ina matope yake.

Fundi alikuwa yule yule. Safari hii juu ya ovaroli alikuwa amevaa aproni ya ngozi. Kwenye benchi palikuwa na gogo lililofunikwa kwa kitambaa laini, mahali pa kulaza mguu, na pembeni yake nyundo ya mbao kwenye trei. Ubaoni pameandikwa kwa chaki: Hatua ya kwanza, mguu. Hatua ya pili, plasta.

Mwanaidi alisoma mara mbili. Akauliza hatua ya kwanza ina maana gani.

Fundi alimfungulia cheti na kumwonyesha kwa kidole chenye glovu. "Umevunjika, una plasta. Yameandikwa mawili, mama. Siwezi kuanzia la pili." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza kumtia moyo: "Vifaa tunachemsha."

Mwanaidi alikwenda kwenye pikipiki. Alibandua stika kwa ukucha. Ilitoka vipande viwili, jiwe upande huu na jiwe upande ule. Akaviweka kwenye trei, kando ya nyundo. Akafungua kamba za sanduku la baridi, akalitwika kichwani, akaacha funguo, akatoka. Fundi alimwita kwa jina kamili, akimkumbusha kwamba hajatia saini ya kushukuru.

Alfajiri ya Jumanne alipanda uwandani kwa lori la viazi, ambalo lingerudi kesho yake. Alipita zahanati tatu na kukusanya chupa thelathini na nane. Sharti la hospitali lilikataza sanduku kupanda pikipiki isiyo na stika. Halikusema chochote kuhusu kichwa cha mtu. Aliteremka kwa miguu.

Saa saba na dakika tano alifika kwenye kizuizi. Mkaguzi Mwakatobe alikuwa anakula. Alisimama, akamzunguka, akatafuta cha kukanyaga, hakukiona. Aliuliza chombo kiko wapi. Mwanaidi alijibu kwamba hana chombo, anatembea. Mkaguzi alifikiri. Macho yake yakashuka hadi chini, yakatulia. Akafungua karatasi mpya, akatazama saa.

"Kandambili ya kushoto," alisema huku anaandika, "mkanda umekatika, umefungwa kwa waya. Simama vizuri, mama, nione ya kulia."

Mwanaidi alizivua zote mbili. Aliziweka mezani mbele yake, juu ya karatasi, karibu na sahani ya samaki, soli zikiwa chini, kama zinavyokaa dukani. Akaendelea na safari. Mkaguzi hakumfuata, kwa sababu alikuwa bado hajamaliza kuziandika.

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni mpokeaji wa maabara ya wilaya alifungua sanduku, akahesabu chupa thelathini na nane, akaandika kwenye daftari: zimefika, nzima. Kisha aliangalia sakafuni, kutoka mlangoni hadi mezani, akaiona miguu ya Mwanaidi na alama ilizoacha. Hizo hakuziandika.